Kutoka Lebo ya Makumbusho hadi Msimbo wa Kidijitali: Kumbukumbu za Vifaa vya Nyumbani Rungwe

Mwaka 2010, katika duka moja la Oxfam mjini Manchester, Uingereza, watu waliotoa vitu vyao vya zamani ili viuzwe waliombwa kusimulia historia ya kila kitu. Simulizi zilirekodiwa na kila kitu kikabandikwa kitambulisho cha kidijitali, hata mnunuzi akakisoma kwa simu na kumsikia aliyekimiliki kabla yake. Mradi huo, TOTeM, uliendeshwa na watafiti wa vyuo vikuu vya Uingereza. Msimbo wa QR, mojawapo ya zana zake, ulibuniwa Japani mwaka 1994 katika kampuni ya Denso kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Hata hivyo, desturi ya kukifunga kitu na maelezo yake ilifika Rungwe zaidi ya karne moja iliyopita, kwa njia ya lebo ya makumbusho.

Mwishoni mwa miaka ya 1890, daktari wa jeshi la Kijerumani, Friedrich Fülleborn, alizunguka nchi ya Ziwa Nyasa akipiga picha na kukusanya vitu. Kitabu chake kikubwa kilichapishwa Berlin mwaka 1906. Lebo za makusanyo ya aina hiyo zilitaja aina ya kitu, kabila, mahali na jina la mkusanyaji. Aliyekitumia kitu hicho kwa kawaida hakutajwa, wala namna kilivyomtoka mikononi.

Hata hicho kidogo kilichoandikwa kina mitego yake. Wajerumani waliwaita Wanyakyusa “Konde”. Kituo chao cha kwanza, Langenburg, kilikuwa ufukweni mwa ziwa. Baadaye makao yalihamishiwa milimani na kuitwa Neu-Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo. Kwa hiyo lebo yenye neno “Langenburg” yaweza kumwelekeza msomaji asiye makini umbali wa safari nzima kutoka mahali panapohusika. Mwaka 1916 Waingereza waliuteka mji huo na jina la Kijerumani likaachwa, lakini lebo hazikubadilika pamoja nalo.

Jembe la chuma ni mfano mzuri wa kilichokosekana. Wahunzi wa Kikinga waliyafua majembe ng'ambo ya milima ya Livingstone, nayo yakaletwa kwa Wanyakyusa kwa biashara. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Rungwe kati ya 1934 na 1938, walionyesha kwamba majembe yalikuwa pia miongoni mwa vitu vya mahari kabla ng'ombe hawajaenea kwa watu wa kawaida. Jembe moja, basi, lilibeba kazi ya mhunzi, safari ya mchuuzi na makubaliano ya koo mbili. Lebo ingeliita “jembe, Konde”.

Msimbo ungeweza kuyabeba yote hayo. Lakini nani angesimulia? Manchester mtoaji alikuwa mtu mmoja mwenye mali yake. Jembe la mahari lina upande wa mume na upande wa mke, na pande hizo si lazima zikumbuke jambo lile lile. Kumpa mjukuu mwenye simu nafasi ya kurekodi peke yake ni kuukata ushahidi nusu.

Tena msimbo wenyewe kwa kawaida hauhifadhi simulizi. Huhifadhi anwani yake tu. Mtambo unaoitunza ukizimwa, kibandiko hubaki bubu. Katika ubusoka, sherehe ya kuwasimika watawala vijana, Wanyakyusa walipanda miti, na mti huo ukabaki ukumbusho wa utawala fulani. Nao ulihitaji wa kuueleza, ila mwenye kuueleza aliishi karibu nao.

Maandishi ya akina Wilson, pamoja na kazi ya karani wao Leonard Mwaisumo, leo yamo katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Na mtoto wa Tukuyu anayetafuta vifaa vya mababu zake katika orodha za makumbusho ya Ujerumani bado ana sababu ya kuanza kwa kuandika “Konde”.