Musaada wa kwanza: ni lazima kuomba ruhusa mbele ya kumugusa mugonjwa?

Motari akianguka kwenye barabara, watu wanajaa. Mumoja anasema tumupakie mara moja, mwengine anaogopa: «Akifa, watasema ni weye ulimuua.» Woga huo unapunguka kama tunajua namna ya kuomba ruhusa.

Mwenye ufahamu
Mwili ni wake. Jitambulishe, kisha muulize: «Papa, nimejifunza musaada wa kwanza. Naweza kukandamiza hiki kidonda ili damu isimame?» Akisema ndiyo, ao akikunyooshea mukono, hiyo ni ruhusa. Kila kitu unachotaka kufanya, umuelezee kwanza. Kama ni mama na inaomba kufungua nguo, itisha mama mwengine akusaidie, mumukinge na kitenge.

Aliyezimia
Hawezi kujibu, lakini usingoje. Inahesabiwa kwamba angekubali, juu kila mutu anapenda kuishi. Fanya tu ile ya kuokoa maisha, ile ulijifunza.

Mutoto
Kama hajafikisha miaka 18, uliza muzazi ao mulezi. Kama hawako na maisha iko hatarini, anza. Mutu mwengine akimbie kuwatafuta.

Anayekataa
Mutu mukubwa mwenye akili timamu ana haki ya kukataa. Hapana kumulazimisha. Baki karibu, muulize anaogopa nini: pengine ni franga za hospitali. Itisha ndugu yake ao muganga. Akizimia kisha, musaidie. Lakini aliyegonga kichwa ao aliyelewa anaweza kusema «niache» bila kuelewa hali yake. Usimuache peke yake.

Na sheria?
Kifungu cha 66 ter cha sheria ya azabu ya Kongo kinaazibu mutu anayeacha kwa kusudi kumusaidia mwenye kuwa hatarini, wakati angeweza kufanya hivyo bila hatari kwake ao kwa wengine. Kuitisha musaada nako ni kusaidia. Sheria haikuombi kujitupa ndani ya hatari: hapana kugusa damu na mikono mitupu. Ebola ya 2018 mpaka 2020, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, ilitufundisha hiyo. Vaa glovu, ao funika mukono na mufuko wa plastiki.

Wenye kuogopa kusingiziwa, wafanye hivi: kuomba ruhusa kwa sauti, mbele ya watu, na kumuambia muganga kila kitu walichofanya na saa walipoanza. Mashahidi watakulinda, na muganga atajua pa kuanzia.