Si Wilaya, ni Mamlaka ya Vyuo

Kamati moja ya istilahi imeamua kwamba vyombo vinavyoendesha vyuo vya jamii vya California viitwe «wilaya za vyuo vya jamii». Uamuzi huo ni wa haraka, nami naupinga.

Wilaya ni neno la Kiarabu, shina lake w-l-y, lenye maana ya kuwa karibu na kitu na kukisimamia. Humo ndimo alimotoka walii, aliye karibu na Mungu, na wali, mtawala wa eneo. Pwani yetu ilimtamka wali pamoja na al- yake, akawa liwali, yule aliyewekwa Mombasa na Lamu kwa amri ya Sultani wa Unguja. Liwali hakupigiwa kura. Mkuu wa Wilaya wa Tanzania naye huteuliwa na Rais. Mswahili akisikia wilaya, anasikia uteuzi wa kutoka juu, na serikali nzima: usalama, barabara, hospitali, ardhi.

Chombo cha California kina vyuo tu. Sheria ya 1921 ndiyo iliyoruhusu vyuo hivi viwe na chombo chao, Modesto ikatangulia mwaka huohuo. Awali vililelewa na shule za sekondari, kama kile cha Fresno cha 1910. Wapiga kura wa eneo huchagua bodi ya wadhamini, na bodi humwajiri mtendaji mkuu. Chombo hupata fungu la kodi ya majengo, na tangu 2000 kinaweza kuuza hatifungani za ujenzi kwa ridhaa ya asilimia 55 ya kura. Cha Los Angeles kina vyuo tisa, na mipaka yake inavuka ya jiji lenyewe.

Ninalolitetea ni neno mamlaka. Shina m-l-k limetupa malkia, milki na kumiliki. Kwa Waarabu mamlaka ni ufalme. Waswahili tukalivua taji, tukalipa kazi: nguvu ya kisheria juu ya jambo maalumu. Ndiyo maana tuna Mamlaka ya Bandari na Mamlaka ya Mapato. Atakayesema bodi za hizo huteuliwa, akumbuke kwamba halmashauri za Tanzania, zenye madiwani wa kuchaguliwa, kisheria ni mamlaka za serikali za mitaa.

Mwenzetu mmoja anayesikilizwa sana makongamanoni ameleta «kanda». Kanda ni eneo la ramani. Haikopi, haishtakiwi, haina mpiga kura. Pendekezo langu niliiandikia kamati mapema, na orodha ikatoka bila kulitaja hata miongoni mwa yaliyokataliwa. Kanda imetajwa. Hilo limeniuma.

Katika matumizi, andika «Mamlaka ya Vyuo vya Jamii, Los Angeles», kwa mkato. Wingi wake «mamlaka za vyuo».