Kilichopangwa Hupangika Upya



Ni mara ngapi umesema, "Mimi ndivyo nilivyo, nivumilieni"? Hata mimi nimesema. Jioni moja mke wangu aliniambia kwamba watoto wakisikia geti likifunguka, huzima TV na kukimbilia chumbani. Nikajitetea: hasira ni tabia yangu.

Wiki hiyo nilikuwa nasoma Matendo 7:53 katika Biblia ya Kiingereza ya King James, ya mwaka 1611. Stefano anasema jinsi torati ilivyopokelewa, na hapo pana neno "disposition" la malaika. Nikashangaa. Neno hilo nililijua kama tabia ya mtu. Hapo tabia imeingiaje?

Nifuate kidogo. Neno limetoka katika Kilatini, disponere: dis ni huku na huku, ponere ni kuweka. Ni kuweka kila kitu mahali pake. Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, alifundisha kwamba kazi ya msemaji ina sehemu tano, na ya pili ni dispositio, yaani kupanga hoja. Kumbe Stefano alizungumzia utaratibu na agizo.

Maana ya tabia ilitoka kwa Wagiriki. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alitumia neno diathesis, ambalo nalo limejengwa juu ya kuweka, kutaja hali ya mtu inayobadilika upesi, kama joto na baridi, ugonjwa na afya. Hali iliyokomaa na kushika mizizi aliiita hexis. Mwanzoni mwa karne ya 6 Boethius alitafsiri kitabu hicho kwa Kilatini, na diathesis ikawa dispositio. Neno la kupanga vitu likabeba pia jinsi mtu alivyopangwa ndani. Likapitia Kifaransa, na katika karne ya 14 likawa Kiingereza, na maana zote mbili.

Kiswahili chetu kilipita njia nyingine. "Tabia" ni neno la Kiarabu, na mzizi wake ni kupiga chapa. Ndiko kulikotoka pia "matbaa," mahali pa kuchapia vitabu. Ndiyo maana tukisema "ni tabia yangu," tunasema kama watu waliokwisha kupigwa muhuri.

Lakini mpendwa, lile neno la Kilatini lilinihukumu. Hasira yangu ilikuwa mpangilio: kazi kwanza, simu pili, watoto mwisho. Na kilichopangwa hupangika upya. Ila usikawie, maana diathesis ikiachwa huwa hexis.

Siku hizi nasimama nje ya geti dakika mbili, naomba, ndipo naingia. Juzi TV haikuzimwa.

Je, wewe ni nini kimekaa mahali pasipo pake moyoni mwako? Mwambie Bwana leo: "Nipange upya." Kama umepokea, andika AMINA. 🙏