Mauaji ya Kunguru, Watawa wa Kupita Kiasi

Kama ulisoma Kenya enzi za KCPE, kati ya 1985 na 2023, bila shaka ulikariri nomino za makundi. Bumba la nyuki. Thureya ya nyota. Mkungu wa ndizi. Somo la Kiingereza nalo lilikuwa na orodha yake, na humo kunguru wakiwa wengi wanaitwa "mauaji". Mauaji ya kunguru! Kwani nani ameuawa?

Majina ya namna hiyo yamo katika kitabu kilichochapwa mwaka 1486 mjini St Albans, Uingereza. Kilikuwa kitabu cha mabwana: uwindaji, ufugaji wa kozi, nembo za koo. Ndani yake mna majina ya makundi zaidi ya 160. Mkulima hakuwa na haja nayo. Yalikuwa kipimo cha uungwana, maana aliyeyajua alionekana amelelewa vizuri. Na mwandishi alikuwa akitania pia, kwani katikati ya ndege na wanyama alichomeka watu. Watawa wa kike aliwaita "kupita kiasi".

Sasa njoo Asumbi, Homa Bay. Misheni yake ilianzishwa na mapadre wa Mill Hill, shirika lililozaliwa London, na hapo ndipo nyumbani kwa masista Wafransisko wa Mtakatifu Yosefu, walimu na wauguzi wa vizazi vingi. Hebu mwambie mama wa Asumbi kwamba masista wamepita kiasi, uone. Ajabu ni kwamba orodha iliyowacheka watawa ilisafiri na Kiingereza hadi kwa watoto waliofunzwa kusoma na watawa.

Kwa Kijaluo ndege ni winyo, wakiwa wengi ni winy, na kundi lao ni kweth, neno lilelile la ng'ombe na kondoo. Utasema lugha ni maskini? Angalia jina la ndege mwenyewe. Okok ni yangeyange, yule mweupe anayefuata ng'ombe malishoni. Oyundi ni wale wadogo wanaoshukia mtama. Mtoto aliyetumwa kulinda shamba lazima ajue nani amefika, maana okok humwachi shughuli, oyundi humwachi punje.

Mapema 2023 kweleakwelea walivamia mpunga wa Kisumu. Mmoja hula kama gramu 10 kwa siku, kwa hiyo milioni moja wanamaliza tani 10. Ukisimama kwenye shamba kama hilo, "kundi" linatosha kabisa.

Kwa hiyo mtoto anayemtambua oyundi kwa sauti tu, halafu anakatwa alama kwa kutojua utani wa mabwana wa 1486, amepimwa nini hasa? Si ndege, hakika.

KCPE imekwisha lakini orodha bado imo vitabuni. Sitaki ifutwe, ni tamu. Nataka mwalimu aseme ilitoka wapi, kisha awageukie watoto: na kwenu, ndege hawa mnawaitaje?