Nani Amwondoe Nani? Rais na Waziri Mkuu Katika Katiba za Uhuru

Jioni ya Septemba 5, 1960, Rais Joseph Kasavubu alisoma redioni mjini Léopoldville tangazo fupi la kumwondoa madarakani Waziri Mkuu wake, Patrice Lumumba. Usiku huohuo Lumumba naye alikwenda kwenye kituo kilekile, akawatangazia Wakongo kwamba Kasavubu si rais tena. Nchi ilikuwa na uhuru wa miezi miwili na siku chache, na wananchi walilala bila kujua ni nani anayewaongoza.

Kasavubu hakukurupuka. Alikuwa ameshika Sheria ya Msingi, iliyopitishwa Ubelgiji Mei 1960 iwe katiba ya muda ya Kongo. Kifungu cha 22 kilimpa Mkuu wa Nchi uwezo wa kumteua Waziri Mkuu na kumwondoa. Maneno hayo yalifuata mfano wa katiba ya Ubelgiji yenyewe, inayosema kwamba mfalme huteua na kuwaondoa mawaziri wake. Lakini kule Ubelgiji hakuna aliyeyachukua maneno hayo kama yalivyo. Kwa zaidi ya miaka mia moja desturi ilikuwa imemfunga mfalme, kiasi kwamba hafanyi jambo kubwa bila serikali inayoaminiwa na bunge. Kilichopelekwa Kongo ni maandishi. Desturi ilibaki Ubelgiji. Lumumba alisimama juu ya desturi: ana wingi wa wabunge, basi ni bunge pekee liwezalo kumwondoa. Kasavubu alisimama juu ya maandishi. Baraza la Wawakilishi lilibatilisha matangazo yote mawili, na Seneti ikamuunga mkono Lumumba, lakini hapakuwa na mahakama ya katiba ya kumaliza ubishi. Septemba 14 Kanali Mobutu wa jeshi la Kongo akatangaza kuwaweka kando wote wawili. Januari 17, 1961, Lumumba aliuawa Katanga.

Miaka mitano baada ya tangazo lile la redio kisa kilijirudia. Oktoba 1965 Kasavubu alimwondoa Waziri Mkuu mwingine, Moïse Tshombe, bunge likamkataa mrithi aliyemteua, Évariste Kimba, na Novemba 24 Mobutu akachukua nchi. Safari hii hakuiachia mpaka Mei 1997.

Wengi hueleza habari hizi kwa methali ya mafahali wawili wasiokaa zizi moja. Mimi naona methali hiyo imetupotosha. Imetufanya tuamini kwamba mamlaka ya utendaji, yaani uwezo wa kuteua, kuamuru, kuweka saini na kutuma askari, kwa asili yake hayagawanyiki, na kwamba Mwafrika hawezi kuwa na viongozi wawili wa juu bila damu kumwagika. Historia ya nchi zetu haisemi hivyo. Inasema kwamba katiba za uhuru ziliweka viti viwili bila kujibu waziwazi swali moja: wenye viti wakigombana, nani anaweza kumwondoa nani, na kwa uamuzi wa chombo gani?

Uganda inaonyesha jambo hilo kwa uchungu mkubwa. Ilipata uhuru Oktoba 9, 1962, Milton Obote akiwa Waziri Mkuu kwa ushirikiano wa chama chake cha UPC na chama cha Kabaka Yekka. Mwaka mmoja baadaye Kabaka, yaani mfalme, wa Buganda, Sir Edward Mutesa wa Pili, akafanywa Rais wa nchi nzima, kiti cha heshima. Mtu mmoja akawa na viapo viwili: kuilinda Buganda na kuiwakilisha Uganda. Novemba 1964 wananchi wa Buyaga na Bugangaizi, kaunti zilizokuwa zimetwaliwa kutoka Bunyoro na kupewa Buganda enzi za ukoloni, walipiga kura kurudi Bunyoro. Rais alitakiwa aweke saini. Kabaka hakuweza kuweka saini ya kuipunguza nchi ya babu zake. Sidhani kama kuna binadamu ambaye angefaulu mtihani ule, na lawama kubwa nawapa walioutunga.

Februari 1966 mambo yalivunjika. Bungeni mbunge Daudi Ocheng aliibua tuhuma za dhahabu na pembe za ndovu za Kongo zilizomgusa ofisa wa jeshi Idi Amin na Obote mwenyewe. Obote alikamata mawaziri watano wakiwa kwenye kikao cha baraza, akasimamisha katiba, akamwondoa Rais. Katiba mpya ya Aprili ilipitishwa na wabunge ambao hawakupewa nafasi ya kuisoma; waliambiwa watakuta nakala kwenye vijisanduku vyao vya barua. Mei 24 jeshi chini ya Amin lilivamia jumba la Kabaka huko Mengo. Mutesa alitoroka, akafia London mwaka 1969. Katiba ya 1967 ilifuta falme zote, na mamlaka yote ya utendaji yakawa mkononi mwa Rais Obote. Jeshi lililomsaidia kukalia kiti hicho ndilo lililomwondoa Januari 1971.

Tanganyika ilifika palepale pa kiti kimoja kwa amani, na kwa kufikiri. Gavana wa Kiingereza alikuwa mtendaji mkuu asiyechaguliwa, na hadi 1953 yeye ndiye aliyeongoza vikao vya Baraza la Kutunga Sheria. Desemba 9, 1961, Mwalimu Nyerere akawa Waziri Mkuu wa nchi huru, huku Sir Richard Turnbull akibaki kama Gavana Mkuu wa kumwakilisha Malkia. Wiki sita baadaye Mwalimu akajiuzulu ili akakijenge chama, akamwachia Rashidi Kawawa. Ni serikali ya Kawawa iliyotoa waraka wa mwaka 1962 uliopendekeza jamhuri. Hoja yake ilikuwa nzito: kwa watu wetu, heshima ya mkuu na nguvu yake ni kitu kimoja, na kiongozi mwenye heshima tupu hataeleweka. Novemba 1962, katika uchaguzi wa rais, Nyerere alimshinda mpinzani wake Zuberi Mtemvu kwa zaidi ya asilimia 98 ya kura. Desemba 9 jamhuri ikazaliwa, na cheo cha Waziri Mkuu kikafutwa.

Waraka ule unastahili heshima, lakini haukugusa hesabu ya pili. Rais mpya hakurithi kiti cha Malkia peke yake. Alirithi kiti cha Malkia, kazi za Waziri Mkuu mwenye wingi wa wabunge, na zana nyingi za Gavana: kuteua wakuu wa mikoa na wilaya, kuwaweka watu kizuizini kwa sheria ya mwaka huohuo wa 1962. Katiba ile pia ilisema kwamba Rais hatalazimika kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale sheria inapoelekeza vingine. Sharti hilo limevuka Muungano wa 1964, Katiba ya Muda ya 1965, Katiba ya 1977 na mageuzi ya vyama vingi ya 1992. Leo lipo katika Ibara ya 37. Mwalimu mwenyewe alikiri hadharani kwamba katiba ilimpa uwezo wa kutosha kuwa dikteta. Hakuutumia wote, na aling'atuka 1985, baada ya mabadiliko ya 1984 kuweka ukomo wa vipindi viwili. Tabia yake njema haikuwa kifungu cha katiba.

Zanzibar haikupata hata muda wa kujaribu. Sultani Jamshid na Waziri Mkuu Mohammed Shamte walipokea uhuru Desemba 10, 1963, na Mapinduzi ya Januari 12 yakawaondoa wote wawili. Kenya nayo ilikuwa na Gavana Mkuu na Waziri Mkuu kwa mwaka mmoja tu. Desemba 12, 1964, Jomo Kenyatta akawa Rais, serikali za majimbo zikafa, na maofisa wa utawala wa mikoa wakarudi chini ya ofisi moja kama walivyokuwa enzi za Gavana.

Lakini ni Kenya hiyohiyo iliyotupa ushahidi dhidi ya methali. Baada ya umwagaji damu uliofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga waliweka saini makubaliano Februari 28, 2008, mbele ya mpatanishi Kofi Annan. Cheo cha Waziri Mkuu kikarudi, akakishika Raila, na mkataba ukasema wazi kwamba anaweza kuondolewa kwa kura ya Bunge ya kutokuwa na imani naye. Rais hakuweza kumfuta kwa tangazo la redio. Waligombana kweli: Februari 2010 Raila alisimamisha mawaziri wawili, na Kibaki akawarudisha siku ileile. Hata hivyo wote walifika 2013, na katikati ya ugomvi wao Wakenya wakapata katiba ya Agosti 27, 2010. Katiba hiyo ilirudi kwenye kiti kimoja, lakini ilikipunguza: mawaziri si wabunge, hawazidi 22, na huidhinishwa na Bunge la Taifa, na kaunti 47 zina magavana wanaochaguliwa na watu.

Tanzania ilimrudisha Waziri Mkuu mwaka 1972, akiwa tena Kawawa. Anateuliwa na Rais, anathibitishwa na Bunge, anasimamia shughuli za kila siku za Serikali. Bunge likikasirika, yeye ndiye wa kupigiwa kura ya kutokuwa na imani. Februari 2008, baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu na baraza la mawaziri likavunjwa. Mfumo huu unamfanya Waziri Mkuu ajibu bungeni kwa mamlaka ambayo kikatiba ni ya mtu mwingine. Utulivu umetupa, sikatai, lakini swali la mwaka 1962, la mamlaka kukusanywa katika kiti kimoja, umeliacha lilivyo.

Tume ya katiba ya Jaji Joseph Warioba ilikusanya maoni ya wananchi kuanzia 2012, Bunge Maalum likapitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015, iliahirishwa. Haijapigwa. Itakapopigwa, yoyote itakayoletwa mbele yetu, tusiishie kubishana kuhusu idadi ya serikali katika Muungano. Katiba ya sasa imeandikwa kwa Kiswahili. Fungua Sura ya Pili, soma kuanzia Ibara ya 33 hadi ya 37, uone ni nini tumemkabidhi mtu mmoja tangu siku ile ya Desemba 1962, kisha uitafute sehemu hiyohiyo katika katiba mpya kabla hujaipa kura yako.