Mwuguzi wa Kwanza wa Masomo katika Marekani

Tunakumbuka habari ya mji wa New York, Marekani, mwaka wa 1902. Waganga walipima watoto masomoni. Wenye macho mabaya, upele ao chawa walirudishwa kwao, wala hakuna aliyewatunza. Mwezi wa Oktoba, Lillian Wald alimtuma mwuguzi Lina Rogers katika masomo manne. Aliosha vidonda, kisha akafuata watoto nyumbani na kuwafundisha mama zao. Mji ukaongeza wauguzi wengine. Mwezi wa Septemba 1902 waliorudishwa walikuwa 10.567, Septemba 1903, 1.101 tu. Nasi wazazi, mtoto wetu akirudishwa kwa ugonjwa, tusimwache kukaa bure: tumpeleke kwa mwuguzi, apone, arudi kusoma.