Aleksandria Isiyopotea

Mgeni anayefika Aleksandria na orodha ya maajabu ya kale huondoka na kinyongo. Mnara wa Pharos haupo. Maktaba ya wafalme wa ukoo wa Ptolemaio haipo, na kaburi la Aleksanda Mkuu halijulikani liliko. Mwandishi Mwingereza E. M. Forster, aliyeishi mjini humo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akilitumikia shirika la Msalaba Mwekundu, alichapisha mwaka 1922 kitabu cha kuwaongoza wageni, na msimamo wake ni bayana: vivutio vya mji huu havina mvuto mpaka mtu avitazame kupitia historia. Wengi waliomfuata wameendeleza maombolezo hayo. Makala haya yanadai kwamba maombolezo yamezidi kipimo, na kwamba yamewafanya wasomi waupite mji ulio hai wakiusaka uliokufa.

Mfano ulio wazi zaidi ni ngome ya Qaitbay, kwenye mlango wa Bandari ya Mashariki. Sultani Qaitbay wa Wamamluki aliijenga kati ya 1477 na 1479 kwa kuihofia dola ya Uthmania iliyokuwa ikipanda. Aliijenga palepale uliposimama Pharos, mnara wa taa uliokamilika mnamo 280 KK na unaokadiriwa kupita mita 100 kwa kimo. Matetemeko ya ardhi ndiyo yaliyoumaliza, kidogo kidogo. Ibn Battuta aliufikia mwaka 1326 akakuta upande mmoja umebomoka, ingawa bado uliingilika. Aliporudi mwaka 1349, baada ya safari ndefu iliyomfikisha hata Mombasa na Kilwa, hakuweza tena kuufikia mlango wake. Kwa hiyo sultani hakubomoa ajabu lolote. Alikuta kifusi mahali pazuri pa kulindia bandari, na inasadikiwa sehemu ya mawe hayo iliingia katika kuta zake.

Tena desturi hiyo ya kutumia upya mawe ya kale haikuanza na Wamamluki. Nguzo mbili za mawe zinazoitwa Sindano za Kleopatra, moja ikisimama London tangu 1878 na nyingine New York tangu 1881, hutajwa mara kwa mara kama hazina ambazo Aleksandria imeporwa. Ni kweli zilitolewa Aleksandria, lakini huo si ukweli wote: zilichongwa kwa amri ya Farao Thutmose wa Tatu na kusimamishwa Heliopolis, karibu na Kairo ya leo, zikakaa huko zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Warumi kuzihamishia pwani. Nayo nguzo ya itale nyekundu ya Aswan, yenye urefu wa takriban mita 27, ambayo wageni huambiwa ni ya jemadari wa Kirumi Pompey, haina uhusiano wowote naye. Ilisimamishwa kwa heshima ya Kaisari Diocletian, karne tatu na zaidi baada ya Pompey kuuawa.

Wenyeji wenyewe wana vituo vyao. Msikiti wa Abu al-Abbas al-Mursi, ambao jengo lake la sasa lilisanifiwa na Mwitaliano Mario Rossi na kukamilika katika miaka ya 1940, una kaburi la sheikh wa karne ya 13 aliyetoka Murcia, Andalusia, akawa khalifa wa Abu al-Hasan al-Shadhili. Tarika ya Shadhiliyya ilifika mpaka Komoro na pwani ya Afrika Mashariki. Jirani yake upo msikiti wa al-Busiri, mtunzi wa Burda inayosomwa hadi leo katika hadhara za Waswahili, na wa Hamziyya, iliyofasiriwa kwa Kiswahili na Sayyid Aidarusi bin Athumani katika tungo zilizo miongoni mwa kongwe za lugha hii. Msomaji wa Lamu, basi, anaweza kuwa na jamaa wa kifasihi Aleksandria aliye karibu naye kuliko Kleopatra. Vitabu vingi vya utalii humpa al-Busiri mstari mmoja, ikiwa vinamtaja hata kidogo.

Hoja hii ina hatari yake. Ikiwa mji umezoea kujenga juu ya magofu yake, mbomoaji yeyote atajifanya mrithi wa Qaitbay. Villa Aghion, kazi ya msanifu Mfaransa Auguste Perret, ilibomolewa mwaka 2014. Lakini ngome ilijengwa juu ya kilichokwisha kuanguka. Jumba la Aghion liliangushwa kwa makusudi ili kiwanja kipatikane. Tofauti hiyo inatosha kuwanyima wabomoaji kisingizio.

Kesi ngumu zaidi iko chini ya maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilimwaga matofali makubwa ya zege baharini kuikinga ngome dhidi ya mawimbi, na zege hilo likaangukia mabaki ya kale. Kelele zilipopigwa, timu ya mwanaakiolojia Jean-Yves Empereur ilianza uchunguzi mwaka 1994 na kuorodhesha maelfu ya vipande, vingine vikiaminika kuwa vya Pharos. Baadhi viliopolewa: sanamu kubwa ya mfalme Ptolemaio imewekwa mbele ya Bibliotheca Alexandrina, maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2002. Vingi vimeachwa chini. Waliomwaga zege hawakuwa maadui wa urithi. Walikuwa wakiokoa jengo la karne ya 15, na mawimbi yaliyowatia hofu bado yanaipiga ngome kila msimu wa baridi.